Mwewe wa Fundi Hensley

Kila asubuhi Verlene Stidham aliwapa kuku wake mahindi, kisha akawapikia wanawe kifungua kinywa. Lakini tangu paa livuje, dari ya chumba cha watoto ilikuwa imelegea. Vipande vya lipu viliwaangukia kitandani. Sasa watoto walilala jikoni.

Mumewe, Dwight, aliziba paa, kisha akamwita fundi wa lipu, Hensley. Fundi alikagua dari, akachungulia dirishani kwenye banda la kuku, kisha akampigia simu mkewe.

"Kesho nipakilie ile hawk yangu," alisema. "Nikiishika mkononi, namaliza kila kitu upesi."

Verlene alishtuka. Hawk kwa Kiingereza ni mwewe!

Fundi alipoondoka, Verlene alimwambia mumewe, "Huyo haingii tena humu. Anafuga mwewe. Hukuona alivyowakodolea macho kuku wangu?"

"Hata mimi huwatazama, mke wangu."

"Wewe huna mwewe!"

Verlene alimwomba Mungu awalinde kuku wake. Asubuhi akafunga mlango kwa komeo.

"Hodi!" fundi aliita.

"Rudi kwenu na ndege wako!"

Jirani yao, Dada Odell wa kanisani, alisikia kelele akavuka barabara. Yeye hufundisha watu wazima kusoma. Alipoelezwa, alicheka.

"Fundi, inua ulichoshika. Verlene, tazama dirishani."

Ulikuwa ubao wa mraba wenye mpini chini.

"Huu ndio hawk," alisema Odell. "Hubeba lipu. Wengine husema umeitwa hivyo kwa kuwa hukaa mkononi kama mwewe wa mwindaji. Hakuna mwenye uhakika."

"Na lile bango la sokoni, hawk marufuku?"

"Pale ni kuchuuza. Neno hilo lilitoka Kijerumani cha zamani. Halina undugu na ndege. Maneno hayo yamefanana sura tu, kama wewe na yule mama wa posta."

"Sifanani naye hata kidogo!"

"Na Dwight akikohoa makohozi, hiyo nayo ni hawk."

"Hiyo naisikia kila asubuhi."

"Ubao huu hauli kuku, mama," fundi alisema. "Mimi ndiye ninayewala, wakikaangwa."

"Neno likikutia shaka," Odell alisema, "muulize aliyelisema. Kisha fungua kamusi."

Verlene akafungua mlango. Jioni nusu ya dari ilikuwa tayari.

"Kesho nakuja na Darby," fundi aliaga.

Darby? Huyo naye ni nani? Verlene alimtazama kwa jicho kali. Kisha akauliza:

"Darby ni mtu au kifaa?"

"Ni ubao mrefu wa kusawazishia lipu, mama."

"Basi njoo naye."

Lipu ilipokauka, watoto walirudi kulala chumbani mwao.