Sura ya Mwisho Isomwe na Wawili

Siku ya soko Migori, mwaka wa tisini na tatu, watu wawili walishika kitabu kimoja juu ya gunia la Obare, muuza vitabu kuukuu.

"Dada, hiyo nimeona kwanza."

"Umeona na macho, mwalimu. Mimi nimeshika na mkono."

Msichana alimjua ni mwalimu kwa chaki iliyokuwa kwenye koti lake la kaki. Aliitwa Elkana Nchagwa, Mkuria. Yeye msichana aliitwa Bonareri, Mkisii muuza mitumba, sketi ya marinda ya buluu, kitambaa cha njano kichwani. Kitabu kilikuwa cha tatu na cha mwisho cha hadithi ya askari wa anga, Kapteni Daro na rubani Sefa, wanaopigania sayari yao tangu kitabu cha kwanza. Viwili vya mwanzo wote walikuwa wamevisoma. Hiki walikuwa wamekitafuta mwaka mzima.

"Kumbe wasichana pia husoma vita?"

"Nataka kujua kama Daro ataoa Sefa. Hizo bomu naruka."

Obare alichoka nao. "Nunueni pamoja, muoane, mniachie nafasi."

Wakanunua pamoja. Wiki hii kwa Elkana, wiki ile kwa Bonareri, na kila Sabato baada ya kanisa walisimama darajani wakibishana. Kitabu kizima kilikuwa risasi, meli zikilipuka, askari wakianguka kama mahindi. Walipofika sura ya mwisho, Elkana alikifunga.

"Hii tusome pamoja. Apa."

"Mimi Msabato, siapi. Nikisema ndiyo, ni ndiyo. Neno ni neno."

Kabla Sabato haijafika, Elkana akapata uhamisho. Aliondoka na kitabu mpaka Homa Bay, na kule upweke ukamshinda. Akaisoma sura ile peke yake. Daro alipona, akamwomba Sefa uchumba katikati ya moshi. Elkana naye akapata moyo. Chini ya mstari wa mwisho akaandika: "Bonareri, mimi pia naomba. Ukikubali, njoo Homa Bay siku moja kabla ya Krismasi. Nitakuwa mbele ya posta. Usipokuja nitaelewa."

Akampa mfanyabiashara mmoja akipeleke Migori. Alijiambia, msichana gani atavumilia asifungue?

Bonareri alikipokea, akakifunga kwa leso, akakiweka sandukuni. Alikuwa amesema ndiyo. Alingoja Elkana aje wasome.

Siku ile Elkana alisimama mbele ya posta na shati jipya jeupe mpaka jioni, wamama wanaouza omena, dagaa wa ziwani, wakakunja magunia yao. Hakuandika tena. Bonareri naye alikuwa na kiburi chake, hakuuliza.

Mwaka wa tisini na tano aliingia kwenye kibanda cha simu Migori, kitabu mkononi, akapiga shuleni kwa Elkana na kuomba aitwe.

"Mwalimu, kitabu chako nakirudisha. Kama hutaki kusoma na mimi, soma na wengine."

"Bona. Kwani hukusoma mwisho?"

"Si nilikuambia ndiyo?"

"Fungua sasa. Ukurasa wa mwisho, pale chini."

Alifungua. Alisoma yale maandishi mara mbili. Mama mmoja akagonga kioo: "Dada, hata sisi tuko na watu wa kupigia."

"Elkana," alisema, "hata kwa miguu ningekuja."

"Baba alipeleka ng'ombe wa mahari mwezi wa nne. Kwa kina Milka. Ameshakuja kwangu."

"Ni mzuri?"

"Ni mzuri. Lakini vita hasomi."

Bonareri alicheka, machozi yakidondokea kitabu. "Basi tusome hii yetu tumalize."

Akamsomea ule moshi, milango ya meli ikifunguka, Daro akipiga goti. Sarafu ya mwisho ikaingia. Simu ikakatika kabla Sefa hajajibu.

Nimekuandikia haya ya ujana wangu, Joyline mwanangu, kwa sababu nimeona mafumbo mnayoandikiana na huyo Barnabas nyuma ya daftari. Baba yako ni mtu mwema na sijutii kuolewa Rongo. Barnabas pia simkatai. Naogopa hayo mafumbo. Kama ana neno, aje aliseme kwa mdomo, nawe umjibu kwa mdomo.

Kitabu kiko sandukuni kwangu, ndani ya leso ile ile. Jibu la Sefa sijalisoma mpaka leo. Neno ni neno.