Kengele Isiyo na Ulimi

Kaeni vizuri. Aliyekunja uso aukunjue. Tunavuka mto.

Urmi ana miaka sita. Jino lake la mbele limeng'oka, na akisema "sisi" upepo unatoka.

Bibi yake anaitwa Ba. Kila mwaka Ba huvuka mto kwenda kisiwani. Huko kuna hekalu la zamani la Wahindu. Lilijengwa kwa mawe, kabla babu yake Ba hajazaliwa.

Lakini mwaka huu miguu ya Ba imevimba. Hata ndara haziingii.

Ukingoni mwa mto, Ba alijaribu kupanda mtumbwi. Akashindwa. Akajaribu tena. Akashindwa tena.

Akaketi kwenye kiti cha plastiki, akalia kimyakimya. Urmi hakuwahi kumwona Ba akilia. Akamsogelea.

"Nenda na baba yako," Ba akasema. "Mlangoni kuna kengele. Anayefika huipiga. Nipigie na mimi. Kengele ikilia, na mimi nimefika."

"Na isipolia, Ba?"

"Isipolia, sijafika."

Mama akabaki na Ba, amemshikia mwavuli. Urmi akapakata nazi ya sadaka. Baba akapiga kasia. Chubwi, chubwi.

"Kengele ikilia, Ba amefika," Urmi alisema. Chubwi, chubwi. "Kengele ikilia, Ba amefika."

Wakafika kisiwani. Wakavua viatu. Mawe yalichoma nyayo. Ngazi za chini zilikuwa zimeliwa na mto.

Kengele ilining'inia juu ya mlango. Baba akamnyanyua Urmi. Urmi akaitikisa.

Kimya.

Akaitikisa kwa nguvu. Kimya.

Maharaji akatoka. Maharaji ndiye anayetunza hekalu. "Haina ulimi," alisema. "Kile chuma cha ndani kilikatika wakati wa mvua. Kikaanguka mtoni."

Urmi akachungulia. Kweli, kengele ilikuwa tupu kama mdomo wa mtoto mchanga.

"Utaweka kingine lini?"

"Sijui, mwanangu. Watu hawaji tena. Nimebaki na popo."

Urmi akaipiga kengele kwa kiganja. Paf. Akaipiga kwa ngumi. Puf. Mkono ukauma, na kengele haikulia.

Ng'ambo, Ba alionekana mdogo sana. Alikuwa ameweka mkono sikioni. Alikuwa anasubiri.

Urmi akauona mkono ule. Akaketi chini, akalia. Alilia mpaka kamasi zikamtoka.

"Ba hajafika," alisema. "Ba hatafika tena."

Baba akachuchumaa. Akamfuta kamasi kwa shati lake. Maharaji naye akakaa chini. Wakakaa hivyo, wote watatu, na mto ukapita.

Mkono wa Ba bado ulikuwa sikioni.

Mwisho Maharaji akasema, "Haya, tuvunje nazi. Jua linakwenda."

Hapo hekaluni, nazi huvunjwa kwenye jiwe la mlangoni. Urmi akaitazama nazi. Ilikuwa ngumu. Akaitazama kengele.

"Maharaji, lazima niivunjie kwenye jiwe?"

Maharaji akakuna kichwa upande huu. Akakuna upande ule. "Hilo sijawahi kuulizwa," alisema. "Ila sidhani Mungu atagombana na mtoto kwa ajili ya jiwe."

Baba akamnyanyua. Urmi akashika nazi kwa mikono miwili. Akapiga.

Ngooo.

Akapiga tena, kwa nguvu zake zote.

Ngoooooo.

Nazi ikapasuka. Maji yote yakammwagikia Baba kichwani.

Sauti ikavuka mto. Ng'ambo, mkono wa Ba ukashuka. Ukakutana na mwenzake. Ba akainamisha kichwa, akasali.

Jioni, nyumbani, Ba alikula kipande cha nazi. Alikitafuna polepole. Miguu yake bado ilikuwa imevimba. Mama aliilaza juu ya mto. Mto wa pamba, si ule wa maji.

"Ba, ulisikia?"

"Nilisikia."

"Kwa hiyo ulifika?"

"Nilifika," Ba akasema. "Nilifika nikiwa nimekaa kwenye kiti."

Urmi akalaza kichwa kwenye mto huohuo, kando ya miguu ya Ba. Akalala.

Basi, na sisi tumefika. Kila mwenye mto wake na aulalie.