Oili Isiyo Yake

Kila asubuhi, kabla hajafungua mlango wa nje, Coletha alimgusa binti yake shavuni. Akikuta shavu la kawaida, alishusha pumzi na kwenda kuwasha moto. Akikuta joto, siku yote iliharibika.

Binti huyo aliitwa Jenifa. Alikuwa na miaka tisa, na alikuwa na ugonjwa wa siko seli. Siku nyingi alicheza na kusoma kama watoto wengine wa Runzewe. Lakini maumivu yalipomshika miguuni na mgongoni, au homa ilipopanda, hapakuwa na kungoja. Ilikuwa lazima afikishwe hospitali ya wilaya, Ushirombo.

Kwa sababu hiyo Coletha na mumewe, Tarsisi, walinunua gari. Lilikuwa gari la familia, lililoinuka kidogo kuliko magari madogo, la otomatiki. Lilitoka ng'ambo likiwa limetumika. Kisha mtu mmoja wa Kahama akalitumia miaka kadhaa kabla ya kuwauzia. Tarsisi alikuwa fundi wa kuchomelea huko Segese, na alirudi nyumbani mara mbili kwa mwezi. Basi dereva wa nyumba alikuwa Coletha. Alijifunza udereva, akapata leseni, na watu wakazoea kumwona Mama Jenifa akishika usukani.

Coletha alifanya biashara ya mchele. Gari likikaa bure uani, alilionea uchungu. Akaanza kulaza viti vya nyuma na kupakia magunia. Kwanza mawili. Halafu manne. Mwisho yakafika sita. Gari lilibeba, naye akaona halina neno.

Jumamosi moja alitaka kwenda sokoni. Aliwasha gari, akaweka gia ya D ya kwenda mbele, akaachia breki. Gari halikuondoka. Alihesabu moja, mbili, tatu. Ghafla likaruka mbele, kama mtu aliyesukumwa mgongoni.

Alimpigia mumewe simu.

"Baba Jenifa, gari lina kitu."

"Linawaka?"

"Linawaka."

"Linatembea?"

"Linatembea, ila linasitasita kwanza. Halafu linaruka."

"Mpelekee Edson aliangalie," alisema Tarsisi.

Edson alikuwa na gereji karibu na stendi. Alijua sana malori na pikapu za zamani. Alilala chini ya gari, akatoka, akafuta mikono.

"Oili ya giaboksi imepungua," alisema. Akaleta chupa ya oili nyekundu.

"Hiyo ndiyo yake?" aliuliza Coletha.

"Mama Jenifa, otomatiki ni otomatiki. Magari mengi ya hapa nayawekea hii."

Coletha alishukuru, akaondoka. Siku nne gari lilikwenda vizuri. Siku ya tano likaanza kutetemeka. Lilitetemeka lilipoanza kuondoka, kama mgonjwa wa malaria. Injini ilipiga kelele nyingi, lakini mwendo ulikuwa mdogo.

Tangu hapo Coletha hakuwa na raha. Akiendesha, alizima redio ili asikilize. Kila mlio ulimshtua. Usiku alilala akiwaza. Lakini hakurudi kwa Edson, wala hakumpigia mumewe. Aliogopa jibu. Je, kama fundi angesema gari lisitembee? Jenifa akizidiwa, angempeleka na nini? Akaona ni afadhali gari bovu kuliko kukosa gari. Akanyamaza.

Jumanne asubuhi alimgusa Jenifa shavuni. Shavu lilikuwa la moto.

"Mama, miguu," Jenifa alilia. "Miguu inauma sana."

Coletha alimpa maji, akamfunika blanketi, akambeba hadi kwenye gari. Gari lilisitasita, likaruka, likaondoka.

"Vumilia, ng'wanawane, mwanangu," alimwambia. "Tunafika sasa hivi."

Walikwenda salama mpaka kwenye kilima kabla ya Ushirombo. Hapo injini ilinguruma kwa nguvu, lakini gari likazidi kupunguza mwendo. Taa ya njano ya hitilafu ikawaka kwenye dashibodi. Harufu ya kitu kilichoungua ikaingia ndani.

"Mama, mbona hatuendi?" aliuliza Jenifa.

Coletha alikanyaga mafuta. Injini ilizidi kulia. Gari halikuongeza hata hatua. Akikanyaga zaidi, huenda gari lingefika juu. Huenda pia lingekufa katikati ya barabara, na malori yanakuja nyuma. Alimtazama mtoto. Akawasha taa za tahadhari, akalivuta gari pembeni, akaweka P na breki ya mkono. Alishuka, akaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Alisimama barabarani akipunga kitenge. Gari la kwanza lilipita. La pili likapita. Ndani, Jenifa alikuwa analia bila sauti, na hilo lilimtisha mama yake kuliko kelele.

Gari la tatu lilikuwa lori la pamba. Dereva, mzee mmoja aliyeitwa Nkwabi, alisimama.

"Shikamoo, baba. Nina mgonjwa," alisema Coletha.

"Marahaba. Mpandishe hapa mbele upesi."

"Na gari langu, baba?"

"Hilo ni chuma, mama. Chuma kinangoja. Mtoto kwanza."

Hospitalini walimpokea Jenifa mara moja. Alitundikiwa maji, akapewa dawa za maumivu, akapimwa damu. Muuguzi aliyeitwa Lusia alimgeukia Coletha.

"Mama, umemleta, na hilo ni jema. Lakini mtoto huyu akipata homa, kila saa ina maana. Mbona mmechelewa?"

Coletha alitaka kueleza habari za gari. Machozi yakamtangulia.

Mchana maumivu yalipungua. Jenifa akalala. Tarsisi, aliyekuwa amepigiwa simu na mkewe, alifika kutoka Segese akiwa bado na nguo za kazi, akakaa kando ya kitanda.

"Nenda kaliangalie gari," alimwambia mkewe. "Mimi niko hapa."

Mzee Nkwabi alikuwa amemwachia Coletha namba ya fundi anayetengeneza malori yao. Fundi huyo alikuwa mwanamke, jina lake Limi. Alisomea ufundi chuoni, akafanya kazi miaka sita katika karakana ya magari, kisha akafungua gereji yake hapo Ushirombo. Walikwenda pamoja mpaka kilimani.

Coletha alitoa ufunguo. "Niliwashe usikie?"

"Hapana, usiliwashe," alisema Limi. "Nieleze kwanza. Lilianzaje?"

Coletha alieleza yote: kusitasita, kuruka, oili nyekundu, kutetemeka, harufu. Alipofika kwenye magunia, sauti ilishuka.

"Mangapi?"

"Sita."

Limi hakumgombeza. Alifungua boneti.

"Wewe unauza mchele. Umeona mashine ya kukoboa mpunga?"

"Kila siku."

"Ina mkanda na puli. Mkanda ukiteleza, inakuwaje?"

"Mota inazunguka, lakini mashine haifanyi kazi. Na mkanda unanuka."

"Basi umeshaielewa giaboksi yako," alisema Limi. "Giaboksi hii haina gia kama za lori la Mzee Nkwabi. Ndani ina mkanda wa chuma na puli mbili. Mafundi tunaiita CVT. Oili yake inafanya kazi nyingi. Inalainisha, inapoza, na inasaidia puli kuubana mkanda. Oili nyekundu uliyowekewa ni nzuri, lakini ni ya giaboksi za aina nyingine. Humu mkanda unateleza. Ukiteleza unapata joto. Joto likizidi, unakwaruzika."

"Na magunia?"

"Magunia yanaongeza mzigo, na mzigo unaongeza joto. Tena tazama hapa." Alionyesha rejeta, inayopoza injini. Matundu yake yalikuwa yamezibwa na tope jekundu lililokauka. "Upepo haupiti. Gari lilikuwa linaungua polepole."

Coletha alijishika kichwa. "Limekufa?"

"Sijui bado. Nikikuambia limepona nitakudanganya. Nikikuambia limekufa, nitakudanganya pia."

Coletha alitaka kutafuta kamba ili gari livutwe. Limi alikataa.

"Gari la otomatiki usilivute huku magurudumu yanayoendeshwa na injini yanazunguka chini. Utamalizia kuliua. Tutalipakia."

Walilipakia juu ya lori, likapelekwa gereji.

Kesho yake Tarsisi alimpigia simu Edson aje kwenye gereji ya Limi. Coletha alikuwa amekusudia kumsema vikali mbele ya watu. Edson alikuja kwa pikipiki, akasimama kando ya gari. Limi alifungua boliti chini ya giaboksi. Oili ikamwagika, nyeusi, yenye harufu ya kuungua. Edson alichukua tone kwenye kidole, akanusa.

"Mama Jenifa," alisema, "hapa nilikosea mimi. Niliongeza bila kuuliza gari hili linataka nini."

Maneno makali ya Coletha yalimwishia mdomoni. "Na mimi nilipakia magunia," alijibu. "Tena niliona linatetemeka, nikanyamaza wiki nzima."

Limi alifungua sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, akachomoa sumaku ndogo iliyokuwa ndani yake. Wote waliinama kutazama. Juu ya sumaku palikuwa na unga mweusi, laini kama masizi.

"Unga kidogo ni wa kawaida," alisema Limi. "Huu ni mwingi, lakini sioni vipande vya chuma. Vipande vingenitisha. Tuna matumaini."

Kisha alimwita Edson karibu, akachukua kitabu cha gari kilichokuwa kwenye droo ya dashibodi. Kilikuwa cha Kijapani, na nyumbani hakuna aliyewahi kukifungua. Limi alionyesha ukurasa wenye herufi na namba za oili. Alilinganisha na maandishi kwenye chupa mpya.

"Usipojua kusoma lugha, soma herufi hizi. Zikipishana na za kwenye chupa, usimimine. Kitabu kikikosekana, tafuta kwa namba ya chasisi au muulize anayejua. Usibahatishe."

Aliosha rejeta kwa maji ya taratibu. Alibadilisha chujio. Aliweka oili mpya, akaliendesha gari kidogo, akaimwaga, akaweka nyingine.

"Mbona unaimwaga mpya?" aliuliza Edson.

"Ile ya zamani haitoki yote mara moja. Inabaki kwenye mirija. Tukiishia hapa, isiyo yake bado itakuwemo."

Mwisho alisubiri oili ifike joto linalotakiwa, ndipo akapima kimo chake. Aliunganisha kifaa cha kupimia, akasoma, akafuta kumbukumbu za hitilafu.

"Mama Jenifa, ingia. Endesha wewe."

Coletha alikaa. Alikanyaga breki. Aliweka D. Akangoja ile kusitasita. Aliachia breki, na gari likaondoka taratibu, bila kuruka. Walipanda kilima kile kile. Injini haikulia. Taa ya njano haikuwaka.

"Usishangilie bado," alisema Limi. "Mkanda umepata joto, na jeraha lake silioni kutoka nje. Lirudishe baada ya wiki mbili nilipime tena. Magunia yatafutie toroli au pikipiki ya magurudumu matatu. Ukitaka kurudi nyuma, simama kabisa kwanza, ndipo ubadilishe gia. Na likisitasita, likitetemeka, likinuka, au taa ikiwaka, njoo siku hiyo hiyo. Ukimya ndio unaoua giaboksi."

Jenifa aliruhusiwa kutoka hospitalini siku ya nne. Baada ya wiki mbili Limi alilipima gari tena. Halikuwa na hitilafu mpya. Kwenye daftari Coletha aliandika tarehe, kilomita zilizosomeka siku hiyo, na jina la oili. Mchele ukaanza kusafiri kwa pikipiki ya magurudumu matatu. Kila Jumapili baada ya misa aliosha tope la rejeta. Naye Edson alibandika karatasi kwenye ukuta wa gereji yake: HATUWEKI OILI KABLA YA KUSOMA. Wateja wengine walimcheka. Hakuitoa.

Jambo jingine walilolifanya lilitoka kwa Muuguzi Lusia. Aliwaambia wasitegemee kitu kimoja tu. Basi Coletha aliandika namba za madereva wawili wa Runzewe, akaongea nao mapema. Hata gari lingegoma, Jenifa asingengoja barabarani.

Mwezi wa Juni ulikuja na baridi yake. Alfajiri moja Jenifa aliamka na homa, akilalamika mgongo. Coletha alimfunika, akampa maji, akamkalisha kwenye gari. Njia nzima alisikiliza. Alipofika chini ya kilima, alikanyaga mafuta taratibu. Gari lilipanda kwa sauti ile ile, polepole na bila kutetemeka, likafika juu, likashuka upande wa pili. Jua lilikuwa halijachomoza sawasawa walipoingia getini.

Lusia alimpokea mtoto, akampima joto. "Leo umemwahi, mama," alisema. "Ndivyo tunavyotaka."

Coletha alitoka nje, akampigia simu mumewe.

"Tumefika," alisema.

"Mtoto?"

"Wameshaanza kumtibu. Ameniomba uji."

Tarsisi akauliza, "Na gari?"

Coletha aliligeukia. Lilikuwa limetulia chini ya kibanda cha maegesho, boneti bado ya moto.

"Limetuleta," alisema. Akarudi ndani kutafuta uji.