Tarehe Iliyobaki Ubaoni

Kompyuta iliibwa saa ya chai, na mwizi alifuta ubao kabla ya kuondoka.

"Mwizi gani huyu mwenye adabu?" sajini alinong'ona, kitambi chake kikimtangulia kuingia chumba cha semina pale chuoni.

Inspekta alimpita, akaingia. Kituoni walimwita Shangazi, kwa sababu ukimdanganya alikutazama tu mpaka ujisahihishe mwenyewe.

Mwenye mali alikaa kiti cha mbele, mikono kichwani. Alikuwa naibu mkuu wa shule ya msingi. Kwa miaka mitatu alikuwa akisomea shahada ya uzamili ya uongozi wa elimu, jioni na wikendi, akirudi nyumbani wanawe wameshalala. Leo saa nane mchana alitakiwa kutetea tasnifu yake.

"Kompyuta ina nini?" Shangazi aliuliza.

"Rekodi za mahojiano yangu yote na wakuu wa shule. Watahini wanataka kuzisikia. Nisipokuwa nazo watasema nimetunga."

"Nakala?"

"Kwenye flashi."

"Na flashi?"

"Imechomekwa kwenye kompyuta." Akajipiga paji la uso. "Afande, usinicheke. Mimi ndiye ninayewahubiria walimu watunze nakala."

"Ukikosa leo?"

"Mtahini wa nje anaondoka jioni. Nitangoja mwaka mzima, na shule niliyopendekezwa kuiongoza atapewa mwingine."

Wa kwanza kushukiwa alikuwa mwanafunzi mwenzake, jamaa waliyemwita Hoja. Wiki iliyopita walikuwa wamerushiana maneno mbele ya darasa zima.

"Hoja yangu ni hii," alianza, "nilikuwa kantini. Nilikuwa nabishana."

Kweli, kantini nzima ilikuwa imemsikia. Hata mpishi alitoa ushahidi, tena kwa uchungu.

Shangazi akamwonyesha ubao. Ulikuwa umefutwa vizuri, kuanzia juu kwenda chini, lakini kwenye kona ya kulia tarehe ya leo ilibaki bila kuguswa.

"Nani kaandika hapa?"

"Mimi," naibu alisema. "Nilikuwa nafanya mazoezi ya kujitetea. Nikaandika na tarehe, mazoea tu."

"Wewe Hoja, ungefuta vipi?"

"Wote. Nani anaacha kiraka?"

"Kwetu shuleni tarehe haifutwi mpaka kengele ya mwisho," naibu alisema. "Sijaona shule nyingine yenye sheria hiyo. Mkuu wetu ni mkali kwelikweli, hata mgeni akiigusa..."

Hakumaliza. Shangazi alikuwa tayari anatafuta ufunguo wa gari.

Walimkuta mkuu wa shule ofisini, mzee mwenye mvi na tai iliyonyooka, ameinamia ratiba ya muhula mpya. Alikuwa ameifuta na kuiandika upya mpaka karatasi ikatoboka. Mwalimu mmoja wa hesabu alikuwa amepangwa madarasa mawili saa ileile.

"Asubuhi ulikuwa wapi, Mkuu?"

"Hapahapa."

Shangazi akamtazama. Mzee akaikaza tai, akailegeza.

"Nilitoka kidogo. Kumtakia heri naibu wangu."

"Ukamkuta?"

"Hakuwepo. Walikuwa wameenda kunywa chai."

"Ukafuta ubao."

"Mazoea, mama. Siwezi kutoka darasani nikaacha..." Sajini akaangalia dari ili asicheke.

Mzee aliinuka taratibu, akafungua kabati la mipira. Kompyuta ilikuwa nyuma ya wavu wa goli, imefungwa ndani ya koti lake, flashi bado imechomekwa.

"Shetani alinipitia," alisema. "Niliiona mezani peke yake. Akifaulu wanampa shule, anaondoka. Ratiba anapanga yeye. Wazazi wakija juu, anawatuliza yeye. Mimi napiga kengele na kusaini. Nilitaka acheleweshwe tu, mpaka nistaafu mwakani. Nilimwonea wivu? Hapana. Niliogopa kubaki peke yangu na shule nzima."

"Twende."

"Kituoni?"

"Chuoni kwanza. Saa nane hiyo inagonga mlango."

Sajini hajawahi kuendesha gari vile tangu apewe leseni. Naibu aliipokea kompyuta kwenye ngazi, akaiwasha palepale. Rekodi zilikuwepo zote. Alikaa chini, akalia kwa kushukuru, mpaka Hoja mwenyewe akamletea maji. Kisha akamwona mzee nyuma ya sajini.

"Ni wewe, Mkuu?"

"Ni mimi, mwalimu. Nisamehe."

Naibu alijifuta machozi, akaingia ndani.

Walingoja kwenye benchi la korido, mzee katikati ya maafande wawili. Ndani zilisikika sauti za rekodi, baadaye maswali. Mzee alikuwa akinong'ona kitu. Sajini alitega sikio akagundua anamwombea naibu wake afaulu.

Mlango ukafunguliwa.

"Nimefaulu," naibu alisema.

Mzee alishusha pumzi kama mtu aliyetuliwa gunia la mahindi mgongoni.

"Mali imepatikana, mlalamikaji ni wewe," Shangazi alisema. "Unaendelea na kesi?"

"Hapana, afande. Ila adhabu ipo." Akamgeukia mzee. "Kesho wakati wa mapumziko uje kwangu na kalamu ya risasi. Nitakufundisha ratiba kabla sijahama."

"Na nikishindwa?"

"Mkuu, nimefundisha darasa la kwanza miaka mingi. Huwa wote wanakuja wanalia, na wote wanaondoka wanasoma."

Mzee akacheka, machozi yakimtoka, akaomba arudishwe kwenye ule ubao. Kwa saa ile kengele ya mwisho kule shuleni ilikuwa imeshapigwa, na tarehe ilikuwa inamngoja aifute.