Kabla Sijamaliza

Lifti ya hospitali ya chuo ilikuwa imejaa pomoni. Binti wa gauni la kijani alibaki mlangoni, amekumbatia kompyuta yake.

"Dada, unapanda au unatuaga?" aliuliza muuguzi wa wodi ya watoto.

Watu wakacheka. Akapanda amenuna, lakini walipofika juu alikuwa ameshamweleza anachosoma: bioinformatiki, kuchambua vinasaba vya vijidudu kwa kompyuta ili ijulikane dawa ipi bado inavimudu.

Tangu hapo muuguzi akamwita Profesa. Naye binti akamwita Nesi wangu. Wakapendana, wakakubaliana kuoana binti akimaliza shahada.

Mwaka wa mwisho, mwalimu wake akampendekeza kwenye udahili wa mapema, ambapo wanafunzi wanaofanya vizuri huanza masomo ya uzamili kabla hawajahitimu. Akakubaliwa. Alimwambia mdogo wake tu. Kila aliposhika simu ampigie muuguzi, aliirudisha mezani, maana kungoja ndoa kungerefuka.

Mdogo mtu hakujua kama ni siri. "Hongera, shemeji. Dada ndiye huyo, anaingia uzamili," alimwambia muuguzi walipokutana sokoni.

Jioni simu ikalia.

"Kwa hiyo mimi ni wa kupewa habari zako sokoni?"

"Mpenzi, nilitaka..."

"Hongera, Profesa." Akakata.

Wiki zikapita kimya. Binti akajiaminisha kwamba yule hataki mke msomi, akajizamisha maabara, macho mekundu.

Wodini nako kulikuwa na mtoto ambaye homa yake haikusikia dawa. Uchambuzi kutoka maabara ile ile ukaonyesha dawa nyingine. Akapewa, na baada ya siku chache akaketi, akaomba chakula. Muuguzi akaenda maabara bila hata kuvua sare.

"Mtoto wetu wa wodini amepona kwa kazi yenu," alisema mlangoni. "Nikataka nikupigie, nikakumbuka hatusemezani."

"Si wewe hutaki nisome?"

"Nani kasema? Kilichoniuma ni kwamba uliniogopa."

Binti akainamisha kichwa. "Niliogopa utachoka kunisubiri."

"Huenda ningechoka. Lakini ungeniuliza."

"Basi nakuuliza. Nioe nikiwa bado mwanafunzi. Vitabu vijae hadi jikoni, na siku nyingine upike wewe."

Muuguzi akavuta kiti, akakaa karibu naye.

"Mpigie mama yako sasa hivi," alisema taratibu, "kabla mdogo wako hajamfikia na habari."