Buibui wa Miguu Sita

“Madamu, mbona buibui wetu wako darasa la B?”

Aliyeuliza ni kiranja wa darasa la tatu A, binti wa miaka tisa, na aliuliza kwa upole kabisa. Madamu Mpya alisimama palepale koridoni, kakumbatia boksi lake la makopo, vizibo vya soda na njiti za fagio. Alisogea kwenye dirisha la B, akachungulia.

Boksi nusura limponyoke.

Kwenye kona ya B kulikuwa na duka, makopo yamepangwa kwa ukubwa. Ukutani kulikuwa na kamba ya kuanikia kazi za watoto, na vibanio vya nguo juu yake. Juu ya kila dawati alikaa buibui wa kizibo cha soda, miguu yake ni njiti sita za fagio. Mawazo hayo yote Madamu aliyatoa kichwani mwake, likizo nzima, akayachora kwenye daftari moja la bluu. Duniani kote ni mtu mmoja tu aliyewahi kulifungua daftari hilo mbali na yeye.

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa mbele ya ubao. Wanafunzi walimwita Mwalimu Tai, maana tai yake nyekundu aliivaa hata siku ya michezo, akikimbiza kuku na watoto. Alikuwa mchumba wake. Harusi ilibaki wiki saba.

“Buibui wanane, kila mmoja ana miguu sita! Jumla miguu mingapi?”

“Arobaini na naneee!”

“Vizuri sana!”

Nyuma ya darasa, kwenye dawati la mtoto, magoti yakikaribia kidevu, alikaa mama mmoja mwenye miwani. Huyo ndiye mkaguzi wa shule. Alimtazama buibui aliyekuwa mbele yake, akamgeuza, akaandika kitu.

Madamu alitoa simu, akausoma upya ujumbe wa asubuhi, labda aliuota.

*“Mpenzi, leo nakuomba uache yale makopo na mabuibui. Mkaguzi huyu anataka utulivu. Fundisha ubaoni tu, upite salama. Nakupenda kuliko uhai wangu.”*

Kuliko uhai wake! Na alikuwa hajanywa hata chai.

Kwa Madamu siku hiyo haikuwa ya mchezo. Alikuwa anamaliza miezi sita ya majaribio, na ripoti ya mkaguzi ndiyo ingeamua kama anathibitishwa kazini au anafungasha virago. Kipindi kilichofuata kilikuwa chake.

Kengele ililia. Mwalimu Tai akatoka akitabasamu, akamkuta mlangoni.

“Umenifanyia nini?”

“Sauti, mpenzi, sauti.”

“Hayo ni mawazo yangu!”

“Mawazo yetu. Sisi si mwili mmoja?”

“Bado wiki saba!”

“Sikiliza. Mkaguzi akinipendekeza niwe mkuu wa taaluma hapa shuleni, nitakushika mkono. Wewe ingia, andika ubaoni, watulize, basi.”

“Juzi si uliniambia hii ni michezo ya chekechea?”

“Ndiyo. Ukifanya wewe. Mimi nina uzoefu.”

Mkaguzi alikuwa ameshawapita na kuingia darasa la A, mwalimu mkuu akimfuata kwa heshima zote, kambebea mkoba.

Madamu akaingia. Akaliweka boksi sakafuni, akashika chaki, tayari kabisa kutii. Watoto arobaini na mmoja wakamkodolea macho.

“Madamu, leo duka halifunguliwi?”

“Kuna msiba?”

Liwalo na liwe! Akalibeba boksi, akalimwaga mezani.

Mkaguzi alivua miwani.

“Samahani, mwalimu. Haya si yale niliyoyaona sasa hivi kwa mwenzako?”

“Ni yaleyale, mama.”

“Umeyaiga?”

“Hapana.”

“Mwenzako ana miaka sita kazini. Wewe una miezi sita. Mimi nimwamini nani?”

Mwalimu mkuu akakohoa kile kikohozi cha kumwandikia mtu barua. Madamu atasema nini? Amwite mchumba wake mwizi mbele ya watoto?

“Naomba nifundishe kwanza. Halafu utaniuliza.”

“Fundisha.”

Akachomeka njiti sita kwenye kizibo, akamwinua buibui huyo juu.

“Haya, wanangu. Tuna buibui wanane. Kila mmoja ana miguu sita...”

PA! PA! Viganja themanini na viwili vilitua kwenye madawati.

“TUMEKAMATA!”

Mkaguzi aliruka, kalamu ikaenda chini ya kabati. Mwalimu mkuu alishika fremu ya mlango kama mtu aliyesikia tetemeko. Kiranja alikuwa tayari mbele ya darasa, mkono kiunoni.

“Madamu, umetudanganya. Buibui ana miguu minane.”

“Una hakika?”

“Tulimhesabu Jumatatu yule wa nyuma ya kabati. Hata wewe ulikuwepo!”

Akachukua njiti mbili, akazipachika kwenye kizibo, akageukia wenzake.

“Nane mara nane?”

“Sitini na nneee!”

Kisha akaenda kukalia kiti cha mwalimu, akakunja nne na kujipepea kwa daftari.

“Hii ni nini?” mkaguzi aliuliza, sauti ikiwa bado haijamrudia vizuri.

“Kila siku naficha kosa moja kwenye somo, mama. Anayelikamata anakalia kiti changu. Mtoto anayewinda kosa hasinzii.”

“Na kosa lenyewe unalipanga wapi?”

Madamu akamfungulia daftari la bluu. Palikuwa na tarehe, mchoro wa duka, mchoro wa buibui wa miguu sita, na pembeni yake kinukta chekundu.

“Penye hiki kinukta ndipo pana kosa. Ni alama yangu.”

Mkaguzi alirudi kwenye maandishi yake, akayasoma taratibu. Kule B watoto wote walikuwa wameandika miguu sita kwenye madaftari yao, na mwalimu akasema vizuri sana.

“Mwiteni yule bwana.”

Mwalimu Tai aliingia na tabasamu la kupokea zawadi.

“Mwalimu, buibui ana miguu mingapi?”

“Sita, mama!”

Darasa zima lilipasuka kwa kicheko. Kuna mtoto alianguka kutoka kwenye dawati, na hakuna aliyemwokota.

“Na kinukta chekundu kwenye daftari la mwenzako, hukukiona?”

“Nilikiona, nikadhani ni wino umemwagi...”

Akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amechelewa.

“Basi,” alisema mkaguzi. “Mwalimu mkuu, huyu binti athibitishwe. Na huyu bwana aniandikie maelezo, kwa mwandiko wake mwenyewe tafadhali.”

Wakati wa mapumziko Mwalimu Tai alimfuata Madamu stoo, akapiga magoti katikati ya mafagio.

“Nisamehe.”

“Ungeniomba, ningekupa daftari zima. Ningekaa na wewe nikakuelekeza.”

“Najua.”

“Unajua? Sasa kwa nini?”

Akainamisha kichwa.

“Miaka sita nafundisha. Umekuja wewe, watoto wangu wakaanza kuegesha masikio ukutani wasikilize darasa lako. Mimi nafundisha, wao wanacheka vichekesho vya chumba cha pili. Unajua inavyouma?”

Moyo wa Madamu ukalegea. Alinyoosha mkono amwinue. Vidole vilikuwa vimeshamgusa bega alipokumbuka kuuliza.

“Na mimi ningefukuzwa, ingekuwaje?”

“Ungefukuzwa vipi wakati unaolewa? Ungetulia nyumbani. Nilishalifikiria hilo, mpenzi. Ingekuwa heri kwetu sote.”

Mkono ulirudi wenyewe. Alimtazama mwanamume yule kama mtu aliyeingia nyumba siyo. Kwa hiyo haikuwa bahati mbaya! Alikuwa amepanga yeye aanguke, na akamchagulia mpaka mahali pa kuangukia.

Simu ikaita. Ni dada yake, fundi cherehani.

“Mdogo wangu, kitambaa cha gauni nimekitandika mezani, mkasi ninao mkononi. Nikate?”

“Usikate, dada.”

“We! Umesemaje?”

“Usikate.”

“Mungu wangu! Kuna nini? Amekufa?”

Madamu alimtazama pale chini, magoti yamejaa vumbi la mafagio.

“Mzima kabisa.”

“Sasa?”

Kengele ya kipindi cha nne ikalia.

“Nitakupigia mchana, dada. Watoto wananisubiri.”