Mkeka wa Losivale

Tusipa aliacha mkeka ukiwa umefika kwenye jiwe jeupe analougandamizia. Alipourudia asubuhi, ulikuwa umelipita jiwe kwa vidole viwili. Akayalaumu macho. Mwaka huo yalikuwa yamemsaliti, na mkeka mwembamba wa heshima, wenye nyuzi laini za mkadi, hausukwi kwa kupapasa.

Isitoshe, mkeka wenyewe haukuwa wake. Aliuanza dada yake Losivale, akafikwa na mauti ukiwa nusu. Kabla ya kukata roho alimwambia, "Nifunikeni huo huo, hata kama haujaisha." Tusipa akaitikia, kisha akamzika na mkeka wa kawaida. Mwanawe mwenyewe, Ioelu, alikuwa karibu kusimikwa mkuu wa ukoo, na pale kisiwani Savai'i ukoo usio na mkeka wa kutoa siku kama hiyo huchekwa mpaka vitukuu. Mazishini hakulia. Tangu hapo hakulia wala kucheka, na chakula alikula kwa kuwa kimepakuliwa.

Binti yake aliyeko Auckland akamletea miwani nyeusi ya plastiki, isiyo na vioo, mahali pake imejaa matundu madogo madogo ya kuonea.

"Jamani, Tusipa kavaa chujio la tui!" wenzake wakaangua kicheko katika nyumba ya kusukia.

"Chekeni tu. Nawaona mpaka magego," akajibu bila kutabasamu.

Kweli aliona. Kila uzi ulijitenga na mwenzake. Siku ya tatu, mchana, wenzake wamesinzia kwa joto, ikaingia harufu ya mafuta ya mlangilangi, yale aliyokuwa akijipaka Losivale nywelani, na kupitia matundu yale Tusipa akaona, ng'ambo ya mkeka, mikono miwili ikisuka kumwelekea, taratibu, kidole kidogo cha kushoto hakina ncha, kama kile cha dada yake kilichokatwa na panga walipokuwa wasichana, naye alipovua miwani hakuona kitu ila ukungu wake wa kila siku, lakini nyuzi aliendelea kuzisikia, kwi, kwi, kwi, zikipishana.

Akajifinya vidole. Havikuhisi chochote.

Akaenda kwa mganga, Bibi Sieni, aliyemkanda mikono kisha akamdunga mwiba. Hakushtuka.

"Mwenye mkeka anaudai," Sieni akanong'ona. "Kaufukie kaburini leo leo, hivyo hivyo haujaisha. Ukiisha, mtakuwa mmeusuka wawili. Naye atataka fungu lake."

"Ukaguzi wa mikeka ni Ijumaa, bibi. Jumamosi mwanangu anasimikwa. Dada nitamsukia mwingine."

"Kwa mikono ipi, mwanangu?"

Tusipa akainuka. Alijua kwamba anapaswa kuogopa, lakini hofu ilikuwa mbali naye, kama mvua inayonyesha kijiji cha pili. Akarudi kusuka.

Ijumaa, mkeka umeshaisha, wakaja wakaguzi wa kamati ya akina mama, ambao hupima kwa vidole na hawasamehe. Mkubwa wao, Mama Fetuao, akaukunjua mkeka, akaupitisha shavuni.

"Ewe Tusipa! Upindo huu ni wa marehemu dada yako kabisa. Umejifunza lini?"

Wanawake wakapiga makofi. Tusipa akavaa miwani ili auone huo upindo. Akaona kwanza mikono iliyokuwa mapajani pake. Kidole kidogo cha kushoto hakikuwa na ncha. Akaitazama kwa muda mrefu. Alipoinua kichwa, Losivale alikuwa ameketi ng'ambo ya mkeka, nywele zinang'aa mafuta, na mapajani pake imetulia mikono ya Tusipa, pete ya ndoa ingali kidoleni.

"Lia basi, mwanamke!" Mama Fetuao akamtania. "Mwanao kesho ni mkuu wa ukoo!"

Tusipa alitaka kujigusa uso, ajue kama analia. Mikono haikumsikiliza. Ilikuwa imeshaokota uzi, inaanza mkeka mwingine.